Mluzi wa Mlango wa Kushoto

Mwanajuma Rehani alijifunza kuendesha gari kwenye mashamba ya chumvi, juu ya pikapu kuukuu iliyosikika kabla haijaonekana. Baadaye aliendesha lori la mchanga, kisha basi la wanafunzi. Miaka yote hiyo masikio yake yalijaa injini. Hata akisujudu, katika ule utulivu wa paji la uso juu ya mkeka, alisikia ngurumo kwa mbali, kama kuna mtu amesahau kuzima gari nje ya msikiti. Kwa hiyo siku ya kwanza alipokalia gari la umeme na gari likaondoka bila kutoa neno, alishtuka. Alidhani amepata uziwi.

Gari lilikuwa la Bwana Abdullatif, mwenye nyumba ya wageni upande wa Kaole. Alikuwa nayo mawili. Moja alilipata kwa mwanawe anayeishi Uingereza, na jingine kwa mfanyabiashara wa Dar es Salaam. Yalikuwa ya kampuni moja na aina moja, na yote meupe. Usiku yakiwa yanachaji ubavuni mwa nyumba, hata mlinzi hakuweza kuyatofautisha. Tofauti ilikuwa kwenye kibati kidogo kilichobandikwa pembeni mwa mlango. Kimoja kilisema gari liliundwa Ulaya, kingine kilisema Uchina.

Kibati hicho kilimtosha Bwana Abdullatif. "La Ulaya ni la wageni," alimwambia Mwanajuma. "Hilo la Mchina utachukulia samaki na gesi."

Mwanajuma aliitikia, naye akafanya hivyo. Lakini mtu akiwa kutwa na magari mawili, mikono yake huyajua. Mlango wa gari la Uchina ulifunga kwa sauti nzito na laini, kama kitabu kikubwa kinachofunikwa. Wa lile la Ulaya uligonga, na wa kushoto mbele ulitaka usukumwe mara ya pili. Ukitazama mstari kati ya mlango na bodi, kwenye gari la Uchina ulishuka sawasawa toka juu hadi chini. Kwenye la Ulaya ulianza mwembamba, ukapanuka, ukajibana tena. Na gari likishika mwendo barabarani, pale kwenye kona ya juu ya mlango, upepo ulipenya na kupiga mluzi.

Wageni waliusikia. Mmoja aliziba sikio njia nzima kutoka uwanja wa ndege. Bwana Abdullatif alipoambiwa alicheka. "Basi Mchina kanitia aibu, lake halipigi mluzi," akasema. Akaahidi kutafuta fundi, halafu akasahau, maana ulikuwa msimu wa wageni wengi.

*

Nyumbani kwake Magomeni ya Bagamoyo, Mwanajuma aliishi na mama yake, Bi Chausiku. Alikuwa mwanamke wa Miono, aliyeolewa pwani akiwa kigori, na kwa miaka mingi hapakuwa na harusi mtaani iliyochangamka bila sauti yake. Hata alipokuna nazi aliimba. Hata alipogombana na muuza mkaa, ugomvi ule ulikuwa na mwendo wa wimbo.

Kiharusi kilimpiga asubuhi moja akichambua mchicha. Mkono wa kulia ulilegea, mdomo ukaenda upande, na maneno yakaondoka. Mkono ulianza kurudi polepole kwa mazoezi. Mdomo ulinyooka. Maneno hayakurudi. Alielewa kila kitu. Ukimtajia mtandio wa kijani alijua ni upi. Lakini akitaka kusema, macho yalijaa kitu, midomo ikafunguka, na pakatoka pumzi tu. Mwishowe aliacha kujaribu. Akawa anakaa barazani akitazama watu wapite, na watu nao, kwa kutojua la kufanya, wakaanza kumsalimia kwa kumpungia mkono kama vile yuko ng'ambo ya mto.

Bwana Abdullatif alimruhusu Mwanajuma ampeleke mama yake Bunju kwa mazoezi kila anapokwenda mjini kununua vitu. Walikwenda na gari la Uchina. Ndani yake palikuwa kimya kweli. Kiromo ilipita, Zinga ikapita, mikorosho ikapita nyuma ya kioo bila mchakacho wa jani. Bi Chausiku alilala. Mwanajuma alishika usukani huku akihisi wote wawili wamo ndani ya maji yaliyotulia, na kwamba hakuna kinachoweza kuwafikia humo. Ulikuwa utulivu mzuri. Ila kila wakirudi, alipomsaidia mama kushuka, ilimjia hofu kwamba siku moja mama yake atabaki huko ndani ya ukimya, hatashuka tena.

Ikatokea siku Bwana Abdullatif alikwenda Chalinze na gari la Uchina. Lililobaki ni la wageni. Mwanajuma akamkalisha mama yake mbele kushoto, akausukuma mlango mara mbili, wakaondoka.

Baada ya Zinga barabara ikawa tupu, akaongeza mwendo. Mluzi ukaanza. Ulikuwa mwembamba, wa juu kidogo, ukipanda upepo ulipoongezeka na kushuka walipoingia kwenye kivuli cha miti. Mwanajuma alinyoosha mkono abane kitambaa pale juu ya mlango, kama alivyozoea kufanya kwa ajili ya wageni. Mama yake akaushika mkono ule, akaurudisha kwenye usukani.

Kisha akaanza kuguna.

Mwanzoni Mwanajuma alidhani anaumwa. Lakini mguno ule ulikuwa umelingana na mluzi. Ulipanda nao, ukashuka nao. Mluzi ulipokatika mbele ya tuta, mguno uliendelea peke yake. Ukageuka. Ukapata kona zake. Mwanajuma akautambua: ni wimbo wa kubembelezea watoto ambao mama yake alikuja nao kutoka Miono. Karibu na Kerege, maneno yakaingia ndani ya wimbo, moja moja, kama kuku wanaorudi bandani.

"Lala, mwana, lala... mama kaenda kondeni... atarudi na muwa..."

Mwanajuma hakuthubutu kugeuza uso. Aliogopa kwamba akitazama, wimbo utakatika. Aliendesha akiwa amekodoa macho mbele, machozi yakimwingia mdomoni, na barabara mbele yake ikawa ndefu na yenye kung'aa, ikicheza kwa joto, hata hakujua kama anaendesha gari au anabebwa mgongoni kwenye kanga, mdogo, shavu lake likiwa limelalia mgongo unaoimba.

*

Huko Bunju aliyekuwa akimfanyisha mama mazoezi ni dada mmoja mchangamfu, jina lake Dija. Mwanajuma alimsimulia yote.

"Hilo huwatokea baadhi yao," Dija alisema. "Kusema na kuimba havipiti njia moja kichwani. Njia moja imeharibika, nyingine huenda ipo. Mwimbishe, dada yangu. Mwimbishe kila siku."

Lakini nyumbani Bi Chausiku hakuimba. Mwanajuma alimwanzia nyimbo, akamwekea kaswida kwenye simu. Mama alitikisa kichwa kwa upole, basi. Ni ndani ya gari lile tu, upande ule wa kushoto, mluzi ulipoanza, ndipo sauti ilipofunguka. Kwa hiyo Mwanajuma akawa anatafuta sababu za kulichukua gari la Ulaya. Safari zile zikawa kama chumba chao wenyewe. Waliondoka asubuhi umande haujakauka, na kati ya Zinga na Mapinga mama yake alimrudishia nyimbo za harusi ambazo mabibi harusi wake sasa wana wajukuu.

Kisha masika yakaja. Asubuhi moja mgeni alikuta kiti cha mbele kimelowa na kioo cha mlango wa kushoto hakishuki. Bwana Abdullatif akakumbuka fundi, na akamwita kijana aitwaye Bilali, aliyesomea magari ya umeme na kufanya kazi hiyo Dar es Salaam.

Bilali alimsalimia Mwanajuma kwa adabu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akayaweka magari yote mawili ubavu kwa ubavu, akazunguka, akapitisha kidole kwenye mianya. Bwana Abdullatif alisimama pembeni amefunga mikono kifuani.

"Kwa hiyo Mchina ni fundi kuliko Mzungu?" akauliza.

"Hapana, mzee. Si habari ya Mchina wala Mzungu," Bilali alijibu. "Ramani ya gari ni ile ile. Ila kiwanda ni watu, na watu hujifunza. Hili la Uchina, nilivyoangalia tarehe yake, limetoka wakati kiwanda chao kimeshazoea. Hili jingine limetoka mwanzo mwanzo, kiwanda kipya, watu wanafukuzana na muda. Mtu kafunga bawaba, mlango umekaa upande kidogo, mkaguzi kaona unafunga, kaupitisha. Ungeniletea lililotoka kiwanda hicho hicho miaka miwili baadaye, pengine nisingeona kosa."

"Kama chapati ya kwanza," akasema Bwana Abdullatif.

Bilali akacheka. "Kama chapati ya kwanza, mzee. Hata mpishi hodari, ya kwanza huenda ikaungua." Akafungua mlango wa kushoto, akavuta mpira uliozunguka fremu. "Nitaurekebisha ukae sawa, nibadilishe mpira huu. Mluzi nao utakwisha."

Mwanajuma akasogea karibu na mlango ule. "Lazima leo?" akauliza.

Wanaume wote wawili walimtazama. Hakuwa amemweleza mwajiri wake chochote. Sasa alieleza, akianza vibaya, akirudia, akichanganya Kerege na Mapinga. Alipomaliza, Bwana Abdullatif aliketi kwenye ngazi. Alimjua Bi Chausiku. Ndiye aliyeimba siku alipooa.

"Bi Mwanajuma," akasema, "gari hili liache kama lilivyo. Wageni watapanda jingine."

Bilali alikuna shingo. "Samahani, mzee. Maji yameshafika kwenye mota ya kioo. Yakiachwa yatakula nyaya za mlango. Siku moja mtu atakuwa ndani na mlango hautafunguka."

Mwanajuma alimfikiria mama yake amekaa upande ule, mkono wake wa kulia bado dhaifu, mlango umegoma. Akazungusha mkono juu ya mlango ule, pale kwenye kona, akaupapasa kama mtu anavyopapasa kichwa cha mtoto.

"Tengeneza," akamwambia Bilali.

*

Mlango ulitengemaa. Ulifunga kama wa gari la Uchina, kwa pumzi moja. Safari iliyofuata, walipopita Zinga, Mwanajuma aliongeza mwendo, na hapakusikika kitu. Bi Chausiku aliinua uso akaitazama ile kona. Alingoja. Kisha akafumba macho.

Safari nyingine ikawa hivyo, na nyingine. Mwanajuma alijaribu kushusha kioo kidogo, upepo ukaingia kwa vurugu, ukapeperusha mtandio. Alijaribu kuguna mwenyewe, mama hakujibu. Siku moja, akiwa amekata tamaa, alikunja midomo akapiga mluzi. Hakuwa amepiga mluzi tangu utotoni, alipochapwa kwa ajili hiyo. Ulitoka umekwaruza, nusu pumzi nusu sauti. Akajaribu tena, ukapanda, ukaikaribia sauti ile ya mlango.

Bi Chausiku alifumbua macho. Akamgeukia bintiye kwa hasira ambayo Mwanajuma hakuwa ameiona tangu ugonjwa uanze. Kifua kikajaa. Na kwa mwendo ule ule wa wimbo wa kubembeleza, kila neno likiwa limekaa mahali pake, akaimba:

"Mwanamke hapigi mluzi... nani kakufundisha... mwanamke hapigi mluzi..."

Mwanajuma alisimamisha gari pembeni. Alicheka hadi akalaza kichwa kwenye usukani. Haya hayakuwa maneno ya wimbo wowote. Yalikuwa ya mama yake, mapya, ya siku hiyo. Bi Chausiku naye, alipogundua alichofanya, aliweka mkono mdomoni, kisha akauondoa, akajaribu tena, kwa uangalifu, kama anayekanyaga ubao juu ya mtaro:

"Twende... twende... jua linawaka..."

Tangu hapo nyumba ilibadilika. Bi Chausiku hakusema, aliimba. Aliimba kwamba chai haina tangawizi. Aliimba kumfukuza paka. Majirani walikuja kusikiliza wakijifanya wamekuja kuazima kinu. Kuna maneno hayakurudi kabisa, na siku nyingine, akichoka, yote yalijificha. Dija alisema itakuwa hivyo, na ikawa hivyo.

Mvua zilipokatika, Bwana Abdullatif aliwapa gari waende Miono kumwona Bi Ashatu, mdogo wake Bi Chausiku, ambaye hakuwa amesikia sauti ya dada yake tangu kiharusi. Mwanajuma hata hakutazama kibati amechukua gari lipi. Walipita kwenye mananasi ya Kiwangwa, wakafika Msata, wakageukia kaskazini. Vilima vilikuwa vya buluu, na moshi wa mashamba ulilala chini kama nguo iliyoanuliwa. Ndani ya gari hapakuwa na sauti ila ya mwanamke mzee akijaribu salamu, akiigeuza huku na huku, akiipima.

Bi Ashatu alikuwa uani akipepeta mahindi. Alipowaona alisimama na ungo mkononi, akainua mkono apunge, kama walivyozoea wote.

"Ashatu eee," dada yake akaimba kutoka mlangoni mwa ua, "hujambo, Ashatu... wazima hapa... watoto hawajambo..."

Ungo ukaanguka. Kuku wakakimbilia mahindi. Bi Ashatu alifungua mdomo na yeye ndiye aliyekosa neno, hata dada yake ikabidi aimbe salamu ile tena, toka mwanzo, mpaka ikaitikiwa.