Kaburi Nililomficha Wakili

Kosa ni langu. Sitalisukuma kwa Mwingereza wala kwa jumbe. Pale kijijini kwetu mimi peke yangu ndiye niliyesoma sekondari, na kusoma huko ndiko kulikonipa nafasi ya kuharibu.

Enzi hizo za Mwingereza, shemeji yangu Yohana, mume wa dada yangu Agnesi, aligombana na jumbe juu ya shamba la mihogo kule Lituhi. Jumbe akapeleka maneno bomani kwamba Yohana si mtu wa huku, ametoka ng'ambo ya ziwa. Ikatoka amri arudishwe Nyasalandi, nchi ambako hakuzaliwa.

Dada akamwendea wakili mmoja Mhindi wa Songea. Kazi yake ilikuwa hiyo, kutetea watu waliofukuzwa na kuwaombea ruhusa waliovuka mipaka kwenda migodini. Huku ziwani alikuja mara nyingi. Alikaa na wake walioachwa na wachimba migodi, alichangia mabati ya zahanati, alikula ugali kwa usipa, dagaa wa huku kwetu, bila kukunja uso. Dada hakudaiwa kitu.

Hapo ndipo nilipoanza kumshuku. Mtu wa mbali atupende bure namna hii, anatafuta nini?

Nikakubali kuwa mkalimani wake ili nimchunguze. Bibi mzaa baba wa Yohana, aliyebaki peke yake kuyajua makaburi ya ukoo, alijua Kinyasa tu.

"Mwambie anionyeshe kaburi la mumewe na la mkwewe," wakili akasema. "Bwana Shauri kule bomani akiona kwamba ukoo umezika hapa, atamwacha mjukuu."

Nilimsikia vizuri. Sikumwamini. Kwetu mtu haingii makaburini bila msiba, na mgeni anayeuliza walikolala wafu hushukiwa uchawi. Tena nilikuwa nimesikia kwamba Liuli nako alizunguka makaburini. Vijana walimcheka, wakasema anatafuta mahali pa kufungua duka, maana wateja wa huko hawabishani bei. Mimi sikucheka.

Nikamwambia bibi kwa Kinyasa, "Huyu anataka mifupa ya babu. Ukimwonyesha, umetuuza."

"Mwambie sijui," bibi akasema. "Na viatu vyake avipeleke kwingine."

Nikamgeukia wakili. "Amezeeka, hakumbuki."

"Hakumbuki alikomzika mumewe?"

"Hakumbuki, bwana."

Alimtazama bibi, kisha akanitazama mimi. Nikainamisha kichwa.

Bila kaburi la kuonyesha, Yohana akavushwa ziwa. Dada akabaki na watoto.

Baadaye nilikutana Mbinga na mtu wa Liuli, naye alikuwa ameamriwa kuondoka. Nikamuuliza amebakije.

"Yule wakili," akasema. "Alimleta Bwana Shauri mpaka kwenye makaburi yetu, wazee wakasimama wakasema nani amelala wapi. Bila yeye nisingekuwa hapa nakunywa na wewe."

Niliiacha pombe yangu pale pale. Nilirudi nikamweleza dada kila kitu. Hakunitukana. Alikwenda jikoni, na tangu siku ile hakuniita tena kaka.

Yohana alifia ng'ambo. Habari zilipofika, Agnesi alikuja mlangoni kwangu. "Wewe uliyesoma," akasema, "mume wangu amezikwa wapi?"

Sikujua. Mpaka leo sijui.

Wewe unayesoma haya, ukiwekwa katikati ya watu wawili wasiosikilizana kwa lugha, fikisha neno kama ulivyolipokea. Kama una shaka, iseme mbele yao wote wawili. Mimi yangu niliificha ndani ya maneno ya bibi kizee, na dada yangu amezeeka bila kaburi la kufagia.