Mbegu za tantine

Leo asubuhi niligombeza mutu mwenye alikuwa amekwisha kufa.

Jua iko inachoma Bunia, nikawaza nitengenezee watoto chai ya maua ya ngai-ngai, ile hibiscus nyekundu, niigandishe na jelatini, wakule baridi. Maua alinitumia tantine, mama yangu mudogo, jana na motard wa pikipiki, kutoka shamba yake upande wa Irumu.

Nafungua mufuko, mbegu zote ziko bado ndani ya maua. Na ni yeye mwenye alinifundisha kuzitoa.

Nikamutumia audio kwa simu, na sauti yangu: "Tantine, siku hizi umekuwa muvivu?"

Nikazitoa mimi mwenyewe, nikazitupa. Nikachemsha maua, nikachuja, nikatia sukari na jelatini, nikaweka sufuria mu beseni ya maji ya barafu.

Saa sita ule motard akarudi.

"Wenye bunduki waliingia mu shamba jana jioni, mama. Alivuna mbio mbio juu alisikia wako karibu. Walimuua pale pale."

Sasa watu wa matanga wamejaa kwetu. Jelatini imeganda vizuri, nyekundu, na hakuna mwenye anaigusa.

Ile audio, niifute ao niiache? Ninyi wenye munasoma, munijibu.

Mama yangu, dada mukubwa wa tantine, ameokota mbegu kwa takataka. Anazifunga mu kitenge chake.

Hakuna mwenye anamuuliza atazipanda wapi.