Siku Niliyompeleka Bibi Astrid Kumsherehekea Mwandishi Wao

Nilikubali kumtoa Bibi Astrid nyumbani kwa sababu aligoma kula siku mbili. Alikuwa mzee wa Norway, miaka themanini na tisa, moyo wake mbovu, nami nilikuwa mtunzaji wake hapa Edmonton, ukingoni mwa jiji kuu la Waingereza. Machi hiyo ya mwaka 2003 Wanorway wenziwe walikuwa wakisherehekea miaka mia na sabini na mitano tangu azaliwe mwandishi wao mkubwa wa tamthilia. Bibi aliigiza michezo yake ujanani, na safari hii aliombwa aseme kipande kwa moyo, bila karatasi. Mwanawe alikataza. Akifia njiani, aliniambia kwenye simu, nitajibu mimi.

Dada yangu Zuhura nilipomweleza hakunificha lake.

"Huna akili weye. Manager wako akijua, kazi huna."

Saa tatu asubuhi tukatoka, Bibi kwenye kiti cha magurudumu, kajifunga shali nyekundu na kupaka rangi ya mdomo. Kidonge chake cha kuweka chini ya ulimi nilikishika mkononi, sikukiamini kukitia mkobani. Ndani ya treni kila alipofumba macho nilimuuliza kama anahisi baridi, ili nisikie sauti yake tu. Mara ya tatu akaniambia ninyamaze, anapitia maneno yake.

Kufika stesheni ya Liverpool Street tukachukua teksi kuvuka mto. Midomo yake niliiona imeingia ubuluu. Nilitaka kumwambia dereva ageuze, lakini aibu ikanishika na woga ukazidi.

Saa sita tulikuwa ukumbini. Mwenyeji wetu, mzee mrefu mpole, alinikaribisha kahawa na jibini ya rangi ya udongo, tamu kama kashata. Akaniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia Pemba. Akasema hapajui, lakini yeyote aliyemleta Astrid ni mgeni wake.

Bibi akapandishwa jukwaani. Akaanza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kule nyumbani, nzito, ya mtu anayetiiwa na mwili wake. Halafu akanyamaza. Macho yamekodoka, mkono umebaki hewani. Nikahesabu pumzi zangu, zake sizioni. Nilijikuta jukwaani nimepiga magoti kando yake. Kwetu anayekata roho husomewa shahada sikioni, na ulimi wangu ulitangulia akili. Nikamsomea, yeye si wa dini yangu, watu mia wananitazama.

Mkono wake ukaniminya bega. Akavuta pumzi, akaendelea hadi mwisho. Watu wakasimama kupiga makofi. Walidhani mimi nimo kwenye mchezo.

Saa tisa, ndani ya teksi ya kurudi, nilimgeukia. Nikamwambia nilidhani anakufa.

"Kufa?" akasema. "Nilisahau maneno. Miezi mitatu sikulala kwa kuogopa hilo. Uliponong'ona, nikapata muda yakanirudia."

Nililojifunza ni hili: nilimsukuma Bibi huyo mji mzima nikidhani hofu iliyomo safarini ni yangu peke yangu.

Edmonton, gari la mwanawe lilikuwa mlangoni, naye amesimama kando yake. Bibi aliliona. Akanishika mkono wenye kidonge.

"Mwakani," akasema, "usimame karibu yangu tangu mwanzo."

Mimi, nisiyejua kama Jumatatu nitakuwa na kazi, nikamjibu Inshallah.