Salamu Ambayo Haikuwamo Kwenye Barua

Leo binti yangu Mariamu amenikamata na uongo wa miaka thelathini.

Mwalimu wao wa historia kawaambia watafute waraka wa zamani, waupime: nani kauandika, na aaminiwe kiasi gani.

Mariamu kaleta barua niliyomwandikia kaka yangu aliyekuwa Jidda, mwaka tuliokimbia vita kutoka kisiwa chetu cha Kudha. Kaka kaitunza, kamtumia picha ya barua hiyo kwa simu.

Nikakaa kitako kama mtaalamu.

"Sote tumefika salama, hofu ni juu yako," akasoma.

"Hapo andika ni kweli," nikamwambia.

Akaendelea. Shangazi anakusalimu. Watoto wanakusalimu. Hata nahodha aliyetuvusha anakusalimu!

"Baba, mbona bibi hasalimu?"

Jamani.

Mama tulimzika Kiunga, ng'ambo ya mpaka, siku ya pili baada ya kushuka chomboni. Kaka alikuwa peke yake ugenini, ningemwambiaje? Kuandika "sote salama" mkono uliweza. Kumtungia marehemu salamu ulikataa. Mwaka uliofuata ndipo nikampa habari, nikasema mama katutoka juzi.

Nimechoka kuubeba uongo huo. Nikampigia kaka palepale, nikamwambia yote.

Akanijibu kwa lugha ya kwetu:

"Wee! Mchu aandikiwe barua ya nyumbani, akose salamu za mamake, asijue? Nilimswalia siku ile ile barua ilipofika. Nikawa nangoja uniambie."

Miaka yote hiyo, kila mmoja akimhurumia mwenzake.

Nyinyi mliovuka mwaka ule, barua zenu zilificha nini? Semeni, nisiaibike peke yangu.