Mama Niliyempeleka Mwezini

Mama yangu, Ndayikunda, alianza kubeba mizigo kichwani akiwa na miaka sita. Kuni, maji, mihogo, mikungu ya ndizi, na baadaye mimi mgongoni juu ya hayo yote. Alikuwa akitoka nyumbani Titye alfajiri na tenga la maharage, anafika gulioni jua halijawa kali, anauza, anarudi na chumvi na sabuni. Shingo yake ilinyooka kama mchi. Ngata yake, ile pete ya majani makavu ya mgomba inayokaa kati ya kichwa na mzigo, aliisuka mwenyewe na hakuwahi kumwazima mtu.

Baba alipofariki miaka miwili iliyopita, nilimleta kwangu Kasulu mjini, ambako mimi Nestori ni fundi redio. Nikaapa hatabeba tena hata kikombe. Kwetu, mzee mwenye mtoto mjini akionekana na mzigo kichwani, anayesemwa si yeye, ni mtoto. Na mimi kusemwa siwezi; hasira zangu ziko karibu. Ngata nikaitupa jikoni motoni. Mke wangu Esteri nikamwambia afiche ndoo. Mama akiinuka kushika fagio, namnyang'anya.

Abdalah, mteja wangu mwenye duka la vitambaa, alipita siku moja akamkuta mama kwenye kiti chenye mito. Akasema, "Nestori, wewe ndiye mtoto. Pepo yako ipo hapo kitini." Nilitembea kifua mbele wiki nzima.

Mwaka wa pili mama akaanza kushikwa mkono ili asimame. Nikasema ni uzee. Kisha akajikwaa kwenye kizingiti, kizingiti tu, akaanguka na mkono ukavunjika. Daktari alitazama picha ya mfupa, akauliza, "Bibi anafanya kazi gani?"

Nikajibu kwa majivuno, "Hafanyi kitu, daktari. Hata kikombe hanyanyui."

Akaniambia mifupa ya mama imekonda na misuli imekwisha, na asipotembea na kufanya mazoezi, hatasimama tena kwa miguu yake. Nilikasirika. Bibi wa miaka sabini na mbili afanye mazoezi, kwani amekuwa askari? Nikamrudisha kitini.

Siku tatu baadaye nilikuwa naitengeneza redio ya Abdalah, mwenyewe kasimama ananisubiri. Nikagusanisha waya mbili, redio ikaamka katikati ya kipindi. Mtaalamu mmoja alikuwa anaeleza maisha ya watu watakaohamia mwezini. Alisema kule uzito wa kila kitu ni sehemu moja kati ya sita. Gunia la kilo sitini utalinyanyua kama la kilo kumi.

"Raha iliyoje!" Abdalah akacheka.

Mtaalamu akasema si raha. Mifupa huwa imara kwa sababu inabebeshwa. Ikikosa cha kubeba, mwili unaipunguza kidogo kidogo, na misuli nayo inanywea. Wanaokaa angani miezi mingi, wakirudi duniani, wengine hushikwa mkono ili wasimame. Watakaoishi mwezini itawabidi wafanye mazoezi kila siku, tena bado kuna mionzi, na vumbi lenye ncha kali linaloweza kuumiza mapafu.

Hayo ya vumbi niliyasikia kwa mbali. Bisibisi ilikuwa imenidondoka. Hushikwa mkono ili wasimame! Majuto ni mjukuu, lakini wangu hakungoja kukua, alinikuta palepale benchini. Roketi sina, hata baiskeli yangu haina breki, lakini mama yangu nilikuwa nimempeleka mwezini, na watu wakanipongeza.

Nikamwacha Abdalah na redio yake wazi, nikakimbia nyumbani.

"Mwana wanje, mwanangu, mbona unahema hivyo?" mama akaniuliza.

Nikamweleza yote, nikijikwaa kwa maneno. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na watoto watakaozaliwa huko, siku wakija kusalimia bibi zao, watasimamaje?"

"Yule wa redioni amesema hakuna anayejua, mama."

"Ee Mungu wangu." Akatazama miguu yake. "Mimi lakini nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba miguu inaondoka. Kila asubuhi niliona imepungua."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ulikuwa na furaha. Watu walikusifu. Nikasema, kama kukaa kwangu ndiyo heshima ya mwanangu, basi nikae."

Nililia mbele ya Esteri, wala sikuona haya. Nimeshapokea habari za misiba, hakuna iliyonipiga namna ile.

Kesho yake nilirudi kwa daktari na kichwa chini. Akasema tuanze na kusimama, halafu hatua chache, na mzigo mwepesi baadaye, mkono ukishapona, mtu akiwa karibu yake. Mama alitembea kutoka kitini hadi mlangoni, akitukana kizingiti kila akikipita. Baada ya wiki kadhaa akafika kwenye mwembe ulio kando ya njia. Plasta ya mkono ilipotolewa, na daktari akaruhusu, nikamsukia ngata kwa mikono yangu. Ilikuwa mbovu, imepinda upande. Aliigeuzageuza, akacheka hadi akakohoa, akaivaa hivyohivyo.

Nikaweka juu yake kilo moja ya maharage. Tukatoka hadi barabarani, yeye mbele, mimi nyuma nimekinga mikono. Abdalah akatuona kutoka dukani kwake, yuleyule aliyesikia redio pamoja nami.

"Nestori! Mama yako mzazi unambebesha mzigo mbele za watu? Umeingiwa na nini?"

Watu wakageuka. Masikio yaliniwaka moto. Nikafungua mdomo nimjibu inavyostahili, mama akaniwahi bila kugeuza shingo.

"Achana naye. Huu mwepesi, ongeza."