Precious Hakuwa Mvivu

Truphosa hukaanga samaki Kigongo. Wakati wa kivuko, wateja walimjia wenyewe wakisubiri kuvuka ziwa kwenda Busisi. Siku hizi magari yanapita darajani, naye amehamishia karai lake kando ya barabara.

Binti yake Precious, tangu aanze kutembea, jua likizama alikuwa anapapasa ukuta. Truphosa alimpeleka zahanati, akapewa matone ya vitamini A. Akarudi, akapewa tena, na safari hiyo muuguzi akamuuliza mbele za watu, "Mama, huyu mtoto unampa mboga kweli?"

Nyuma ya nyumba ya Truphosa kuna matuta ya mchicha na mpapai ambao matunda yake huozea chini. Alimeza hasira, akambeba mtoto wake akaondoka.

Nyumbani palikuwa na mama mkwe, Modesta. "Kwetu hakuna macho ya namna hii," aliwaambia wageni. "Haya yametoka Rorya." Rorya ndiko kwao Truphosa.

Precious alipofika darasa la nne, siku moja alirudi na kiganja kimevimba.

"Nani kakuchapa?"

"Mwalimu Elias. Nimenakili hesabu vibaya. Anasema mimi mvivu."

"Kwani ubaoni huoni?"

"Naona weupe weupe tu, mama. Si ndivyo ulivyo?"

Kesho yake Truphosa hakuwasha moto. Alikwenda shuleni na aproni yake inayonuka mafuta, akaingia darasani kipindi kikiendelea.

"Mama, kuna utaratibu wa kumwona mwalimu," Elias alisema.

"Nimeuona utaratibu wenu kwenye mkono wa mwanangu. Precious, simama hapo hapo. Soma."

Kimya. "Sogea mbele. Soma." Kimya. Precious alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa ubao, kisha akasoma hesabu zote, moja baada ya nyingine, bila kukosea.

"Haya mwalimu, mvivu yuko wapi?"

Elias aliangalia chaki mkononi mwake. "Mpeleke hospitali, mama Precious."

"Nitampeleka. Lakini fimbo uliishika wewe."

Mwanza mjini, daktari wa macho aliyeitwa Wilhelmina alimbadilishia Precious lenzi moja baada ya nyingine, akammulika, akauliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuyauliza.

"Ana matatizo mawili yanayokwenda pamoja," alisema. "Kutoona gizani amezaliwa nako. Vitamini haiondoi hali hiyo, na dawa yake hatuna. Ila watoto wengi wenye hali hii huwa hawaoni mbali pia, na hapo miwani inasaidia. Alistahili kuivaa tangu mdogo."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Walisikia haoni usiku, wakaishia hapo."

"Nimemrithisha mimi?"

"Wewe na baba yake. Kila mmoja amebeba upande wake wa kasoro hii bila kuugua."

Jioni Truphosa alimweleza mumewe, Masele. Masele akasema, "Shangazi yangu Kabula aliachika kwa sababu hiyo. Giza likiingia hawezi kupika. Walisema mvivu."

"Mama yako anajua?"

"Anajua."

Truphosa alivuka ua. "Mama, upande wangu naukubali. Lakini wewe miaka yote hii ulikuwa unajua ya wifi yako!"

"Tulificha ili mabinti wetu waolewe," Modesta alisema.

"Mkaficha, mwanangu akachapwa! Na mimi ukanitangaza kwa kila mgeni!"

Miwani ilipopatikana, ilikuwa mizito, ikamwachia Precious alama puani. Siku ya kwanza alirudi shuleni akisema, "Mama, kumbe Mwalimu Elias hukunja uso hata kabla sijajibu." Truphosa aligeuza samaki kwa nguvu hadi mafuta yakaruka.

Elias alimhamishia Precious dawati la mbele. Lakini msamaha ambao Truphosa alitaka mwalimu auombe mbele ya wanafunzi, mwalimu hajauomba mpaka leo, na kila wakikutana Truphosa anamdai.

Gizani Precious bado haoni. Jua likizama Modesta huja, humshika mkono mjukuu wake na kumpeleka bafuni, pole pole, akimwonyesha pa kukanyaga. Truphosa humwamkia shikamoo, humsogezea kigoda. Chai hajamkaribisha bado.