Maharagwe ya Bibi Yasiyo na Maganda

Mwezi uliopita nilirudi Kisii kwa arusi ya binamu yangu. Asubuhi ya siku ya pili, wenyeji wakiwa bado wanapiga miayo, niliteremka peke yangu kwenda kutazama mahali ilipokuwa nyumba yetu, nyuma ya msikiti. Nyumba haipo. Pana jengo la ghorofa nne, na chini yake pana hoteli ndogo ya chai na chapati. Mwanamke mmoja alikuwa ndiyo kwanza amefunua sufuria ya maharagwe, na mvuke ule ukanijia usoni. Nilisimama pale kama mtu aliyesahau alichotumwa. Na wajua nilichofanya? Nilimkodolea macho mzee aliyekuwa akila mezani, nikawa namtazama koo kila akimeza, hadi akaweka kijiko chini na kuniuliza kama nina shida naye. Nikamwomba radhi, nikaondoka mbio mbio kama mwizi.

Wewe hutanicheka nikikueleza.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba alikuwa dereva wa lori la mizigo, wiki hupita hatujamwona. Mama aliuza nguo za mitumba katika soko la Daraja Mbili, na siku za soko alitoka alfajiri na kurudi jioni. Aliyenilea hasa ni Bibi, mama yake baba. Aliniita "mama", kama bibi wengi wanavyowaita wajukuu wao wa kike, nami nikikosea aliniita "mama" vilevile, ila kwa sauti nyingine.

Bibi alikuwa na chakula chake kimoja ambacho mtaa wote ulikijua: maharagwe ya kuponda. Jioni alimwaga maharagwe kwenye ungo, tukakaa mlangoni kwenye mwanga, tukachagua changarawe na yale yaliyotobolewa na wadudu. Yalilala majini. Asubuhi yaliwekwa kwenye jiko la makaa, na hapo hakuna aliyeruhusiwa kufunua sufuria kila saa. "Maharagwe hayakimbizwi," alisema. Yakishaiva hata ukiyagusa yanakata tamaa, aliyaponda kwa mwiko dhidi ya ubavu wa sufuria, akarudishia supu yake kidogo kidogo. Kisha alikaanga kitunguu kwenye samli mpaka kiwe rangi ya udongo wa Kisii, akatia saumu na bizari kidogo, akamwagia juu. Chwaa! Sauti ile ndiyo iliyokuwa kengele yetu ya chakula. Tulikula na ndizi za kuchemsha, moto moto, mvua ikipiga mabati.

Halafu Bibi akapigwa na kiharusi. Alirudi kutoka hospitalini upande wake wa kulia ukiwa umelala, na maneno yake yote yamekwenda isipokuwa mawili: "tosha" na "mama". Muuguzi alituketisha, mimi na mama, akatueleza kwamba koo la Bibi halifanyi kazi kama zamani. Chakula kiwe laini kama uji mzito, kisiwe na donge wala ganda. Mgonjwa aketi wima. Kijiko kidogo, na kabla ya kijiko cha pili umwone amemeza. "Kikienda njia nyingine," alisema, akijigusa kifuani, "atakosa pumzi." Kisha akatutakia siku njema, kana kwamba mtu anaweza kuwa na siku njema baada ya kusikia hayo.

Basi yale maharagwe yakawa kazi yangu. Ilikuwa likizo, na siku za soko tulibaki wawili tu nyumbani. Niliyapika kama nilivyomwona akiyapika, ila mimi niliongeza hatua moja: baada ya kuyaponda niliyapitisha kwenye kichujio cha chai, kijiko baada ya kijiko, nikisugua hadi maganda yabaki juu kama karatasi zilizolowa. Ilichukua muda mrefu na mkono uliniuma. Kisha nilimwegemeza Bibi kwa mito, nikamlisha, nikitazama koo lake lipande na kushuka. Lisipopanda upesi, sikuchota kingine. Hata nikiwa nje nacheza nilikuwa nasikiliza. Akikohoa kidogo tu, nilishakuwa mlangoni.

Shangazi yangu, binti yake Bibi, alikuwa ameolewa kwa wakulima Kebirigo. Alikuja mara moja, akamtazama mama yake kitandani, akanitazama mimi na kichujio changu, akamwambia mama, "Wifi, mtoto hawezi lea mgonjwa. Jumapili ya pili nakuja tuzungumze. Kama ni hivi, mama yangu nitaenda na yeye."

Kwa Shangazi palikuwa na chakula na watu. Lakini kutoka kule msikiti haukusikika, na mimi nilikuwa nimeona jinsi Bibi, tangu alale, alivyogeuza uso dirishani kila adhana ilipoanza, midomo yake ikijaribu maneno yasiyotoka. Adhana ndiyo iliyokuwa saa yake. Na mimi, nikuambie ukweli, sikujua ningekuwa nani ndani ya nyumba yetu kama hakuna wa kuniita mama.

Siku ya soko kabla ya ile Jumapili, anga lilikuwa safi asubuhi, lakini kwetu mvua haikosi alasiri, na michezo yote huchezwa mbio kabla haijafika. Wasichana wa mtaa walikuwa wamefunga kamba barabarani. Nilisikia nyayo zao zikipiga chini na wimbo wao wa kuhesabu. Mmoja aliniita, kisha wote wakaniita. Maharagwe yalikuwa yameiva sana siku ile. Niliyaponda, nikayatazama, yalikuwa laini kabisa. Kichujio kilikuwa kwenye msumari wake ukutani. Nilikitazama pia. Nikachukua bakuli, nikaenda kwa Bibi.

Kijiko cha kwanza alimeza. Cha pili alimeza. Cha tatu nilikuwa nimegeuza kichwa kutazama mlango.

Hakukohoa. Hilo ndilo lililonitisha baadaye kila nilipolikumbuka. Nilipogeuka, macho yake yalikuwa yametoka, kinywa kimefunguka, na hakuna sauti. Mkono wake wa kushoto ulinishika kanga kifuani na kunivuta. Nilimwita. Nilimwita tena. Kisha nikajinasua kwenye mkono ule, Mungu anisamehe, nikakimbia nje nikipiga kelele kupitia upenyo wa ua wa michongoma.

Upande wa pili aliishi jirani yetu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, Msabato, mwanamke aliyetembea wima kama rula. Alikuwa anapalilia. Alitupa jembe na kupita kwenye miiba ile bila kuuliza. Alipofika kitandani alimvuta Bibi mbele, akaulaza mwili wake juu ya mkono mmoja, na kwa kiganja cha mwingine akampiga mgongoni, kati ya mabega. Mara moja. Mara mbili. Mimi nilikuwa nimesimama nimeziba masikio, sijui kwa nini masikio. Mara ya nne kitu kikatoka, na Bibi akavuta pumzi kwa sauti kama mlango wa zamani unaofunguliwa.

Mwalimu alikiokota kwenye shuka kile kilichotoka. Lilikuwa ganda la haragwe, dogo kuliko ukucha wangu, limejikunja.

"Umempea nini?"

"Maharagwe, Mwalimu."

"Na ile kitu ya kuchuja?"

Nikatazama chini. Mwalimu alimfuta Bibi uso, akamweka vizuri kwenye mito, akakaa naye mpaka rangi ikamrudia. Damu ya miiba ilikuwa inamtiririka mkononi. Ndipo nilipomwomba asimwambie mama, kwa sababu Shangazi anakuja Jumapili, na akijua atamchukua Bibi.

"Omwana one," alisema, mtoto wangu, na aliposema kwa Ekegusii nilijua hasemi kwa hasira. "Mimi sitamwambia. Utamwambia wewe. Leo."

Sijawahi kuona alasiri ndefu kama ile. Mvua ilikuja ikapita. Wasichana walikuwa wamekwenda makwao. Mwalimu alikaa na Bibi, akimsimulia mambo ya shamba lake, nami nilikaa jikoni nikitunga uongo wa kila namna. Kwamba Bibi alikunywa maji vibaya. Kwamba nilichuja lakini kichujio kimetoboka. Nilifika hata kukishusha kwenye msumari na kukitazama kilivyo kizima, na kidole changu kikawa juu ya wavu wake, kinabonyeza. Sikukitoboa. Nataka ujue hilo, kwa sababu nilikaribia sana.

Mama aliingia jioni na furushi lake kichwani, na kabla hajalishusha nikasema yote, hata ile kamba, hata kule kugeuza kichwa.

Alishusha furushi polepole, akaketi juu yake. Nilingoja kofi.

"Uliogopa?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Mimi naogopa kila siku nikiwa kule sokoni. Mtu ananiuliza kama hii sketi iko saizi yake, na mimi namsikia mama anakohoa." Akajifuta uso kwa ncha ya buibui. "Si kazi ya kumwachia mtoto. Nilijua, nikakuachia. Itabidi tumwambie wifi."

"Usimwambie! Atamchukua!"

"Akija kuyasikia kwa watu atamchukua, na hatatuamini tena."

Jumapili Shangazi alifika na mkungu wa ndizi na fungu la mboga za chinsaga, viatu vyake vikiwa bado na matope ya Kebirigo. Mama alimwambia kabla hata ya chai. Shangazi alisikiliza, mikono kwenye mapaja. Mama alipomaliza, Shangazi aliinuka, akaingia chumbani, akaanza kukunja leso za Bibi na kuzipanga kwenye mfuko.

"Nilisema mimi," alisema, bila kututazama. "Nilisema."

Adhana ya adhuhuri ikaanza. Bibi aligeuza uso dirishani. Shangazi akaacha kukunja, akamtazama, kisha akaendelea, lakini taratibu zaidi.

Chakula cha mchana nilikuwa nimekitengeneza kwa hofu kiasi kwamba nilikichuja mara mbili. Shangazi alichukua bakuli mikononi mwangu. "Lete, nimlishe mama yangu." Alimsogezea kijiko. Bibi alifunga midomo. Shangazi akambembeleza, akajaribu tena, na tena. Midomo ikabaki imefungwa. Kisha Bibi akainua mkono wake wa kushoto, ule ulionishika kanga, akanyoosha kidole kuelekea mlangoni nilipokuwa nimejibanza.

"Mama," akasema.

"Anakuita, wifi," Shangazi akamwambia mama.

"Si mimi," mama alisema. "Huyo mtoto ndiye ambaye Bibi humwita mama."

Nilisema siwezi. Nilisema mara tatu, nikilia. Hakuna aliyenisukuma. Bibi aliendelea kungoja, na baada ya muda akafungua kinywa, akakiacha wazi hivyo, akinitazama. Nilichukua bakuli. Nilirudi jikoni nikakichuja chakula mara ya tatu ingawa hakikuwa na kitu cha kuchujwa. Nilirudi, nikaketi ukingoni mwa kitanda, nikampa nusu ya kijiko, kikagonga jino lake. Shangazi alikuwa ameinama juu ya bega langu la kulia, mama juu ya la kushoto, sote watatu tunalitazama koo moja la mwanamke mzee. Likapanda. Likashuka.

Alimaliza bakuli zima. Kisha akasema, "Tosha."

Shangazi alikaa kwenye kigoda, mfuko wa leso miguuni pake, akalia kwa sauti. Alipotulia akaninyooshea mkono nimsaidie kuinuka. "Haya," akasema, "nionyeshe vile unafanya."

Nikamwonyesha, mama mzima wa watoto sita amesimama jikoni kwetu akifundishwa na mimi kusugua maharagwe kwenye kichujio cha chai. Tangu hapo kila siku ya soko alikuja mapema kutoka Kebirigo, akashinda na Bibi hadi mama arudi. Leso hazikutoka tena chumbani.

Bibi aliishi nasi mwaka mzima na kitu. Alifariki asubuhi moja kabla ya chai, usingizini. Mama alipokuja kuniambia, kabla sijalia niliuliza swali moja: alikuwa amekula kitu? Mama alisema hapana, bado. Ndipo nikalia.

Siku hizi maharagwe yanauzwa yamechaguliwa tayari, hayana changarawe, na kuna mashine ya kusaga laini kwa dakika moja. Ua wa michongoma uling'olewa wakajenga ukuta wa mawe. Mwalimu alihamia kwa wanawe Nyamira, na alizikwa huko mimi nikiwa mbali. Shangazi yupo, ameshazeeka, nikimpigia simu ananiuliza kama bado napika. Napika. Watoto wangu wanasema maharagwe yangu ni mazuri ila nawatazama sana wakila.

Kutokuwepo kwa vitu hivyo nimekuzoea. Kile nisichokizoea ni kinywa kile kilichofunguka Jumapili ile. Nimeolewa, nimefanya kazi na watu, nimependwa pia, namshukuru Mungu. Lakini hakuna aliyeniamini tena namna ile: akiujua mkono wangu ulivyomkosea, na siku ya tatu yake akaungoja tu, kinywa wazi.